Sauti ya Mama, Leseni ya Milele

Shikamoo kaka Rashidi. Jumanne tumepoteza sauti ya marehemu mama. Hadithi zake za Kiyao nilizomrekodi akisimulia sasa ni za kampuni ya akili mnemba, izifundishie mashine zake na kumuuzia yeyote. Mimi nilikuja Songea kuwapa leseni ya miaka miwili tu. Wakili wao, akitafuna muhogo wa kuchoma kwenye baridi hii, akacheka: "Dada, kaka yako alishasaini milele!" Eti watu wa kampuni walikula kwako, ukaona aibu kuwakalisha wageni huku ukisoma kurasa tisa za mkataba. Wanao nawapenda, wasalimie sana. Kama hukusoma, nitapigania mkataba uvunjwe. Naingia kikaoni nao Ijumaa ijayo. Nipigie siku hiyo kabla ya saa nne asubuhi, unijibu neno moja: ulisoma au hukusoma?