Vioo Upande wa Dirisha Langu

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimechora tena. Mara ya nne. Baba anataka chumba cha vioo mlango wa nyuma, kiunganishe nyumba na jiko la nje, Mama asilowe akileta chakula. Jana kilikuwa cha mita tatu, leo nne. Kisha ananiuliza kwa nini karatasi imechakaa kwa kufutwafutwa!

Navumilia kwa sababu moja. Ameahidi meza yangu itakaa humo. Mwakani nafanya mtihani wa kidato cha nne, na chumbani nalala na wadogo zangu wawili wanaopigana juu ya vitabu vyangu. Naitaka ile meza kuliko kitu chochote.

Jumatano, 8 Juni
Ukungu mpaka saa sita. Fundi Saidi wa Bagamoyo amekuja kupima. Anasema paa la vioo kwa mvua ya Tukuyu ni wazimu. Baba anasema ameliona kwa meneja wa shamba la chai.

"Meneja ana watu wa kumfutia, bwana mkubwa. Wewe una nani? Injinia huyu?"

Injinia ni mimi. Jibu zuri lilinijia jioni.

Wamekubaliana bati juu, vioo pembeni. Fremu za mbao au za chuma? Saa mbili nzima. Chai ikapoa.

Jumamosi, 11 Juni
Baba amerudi kutoka Mbeya na vioo kumi na viwili, kwenye lori lililokuwa limepeleka viazi vya Isongole. Kimoja kimepasuka. Amenunua na fremu za chuma. Fundi Saidi alishapasua mbao jana.

Baba anasema zamani hata msumari ulipatikana kwa kujuana. Sasa maduka yamejaa na yeye hawezi kuchagua. Nimechoka.

Jumapili, 12 Juni
Baada ya ibada, ujumbe kutoka Kisondela. Miguu ya Babu, baba yake Baba, imezidi kumuuma. Atakuja kuishi nasi. Baba amefurahi mno. Kitanda cha Babu kitawekwa kwenye chumba cha vioo, apate jua.

Meza haikutajwa. Niliona aibu kuuliza. Mama alikuwa kimya.

Jumatatu, 13 Juni
Nimeelewa ule ukimya. Mama na Babu hawaonani. Tangu aolewe hajawahi kusimama mbele yake. Ndivyo ilivyo kwetu, mke wa mwana hukwepa macho ya baba mkwe, na Mama hufuata hilo kuliko mke yeyote hapa mtaani. Babu akija kututembelea hukaa barazani mbele, Mama hupita nyuma. Sasa nyuma ndiko tunakomweka Babu. Ndani ya vioo!

Baba amesahau. Mwana wa Babu mwenyewe amesahau. Nami niliyechora mara nne sikufikiri.

Nilimuuliza Mama jikoni. "Nitatokea mlango wa mbele, nizungukie migombani, mwanangu." Na sufuria la moto, kwenye utelezi ule. Nikamwambia amweleze Baba. Akaniuliza kama namtaka aonekane anamkataa mkwe wake.

Jumatano, 15 Juni
Wameanza kuchimba msingi. Mvua nyembamba siku nzima.

Najua pa kukihamishia chumba. Mbele Baba hataki, wapita njia wasije wakahesabu sahani zetu. Upande wa magharibi ni bonde. Unabaki upande wa mashariki, penye dirisha langu. Vioo vikikaa pale, dirisha langu litatazama kitanda cha Babu badala ya nje. Meza sitapata, na hata mwanga nilio nao utapungua.

Sijasema. Mwoga, na mchoyo pia.

Alhamisi, 16 Juni
Baba aliniambia nichore kitanda cha Babu kinavyokaa. Nilichora. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikachora njia ya Mama: mlango wa mbele, kuzunguka nyumba, migombani, jikoni. Na kurudi. Mara tatu kwa siku. Nikaiacha karatasi kitini kwake, nikakimbilia stoo na kitabu cha jiografia. Sikusoma hata mstari mmoja.

Ijumaa, 17 Juni
Baba alifoka kwanza. Kwa nini sikusema kabla ya kuchimba? Halafu akaishika karatasi muda mrefu, akaenda jikoni kwa Mama. Alikaa huko sana. Alirudi macho chini.

Fundi Saidi aliegemea sururu. "Basi shimo hili tufuge samaki, bwana mkubwa."

Baba hakucheka. Aliniuliza kijengwe wapi. Nikanyoosha kidole kwenye dirisha langu. Akaniuliza kama nina hakika. Nilitikisa kichwa kukubali, nikachukia kila mtu hadi usiku.

Jumamosi, 16 Julai
Babu amemaliza wiki. Chumba kina joto kweli saa nne asubuhi, ukungu ukikubali kuondoka. Babu huingia kwa mlango wa sebuleni. Nasoma kitandani, mgongo ukutani. Namsikia akigeuka, akisafisha koo, akiongea peke yake Kinyakyusa. Nikimpelekea maji husema "ndaga fijo", asante sana, kila mara kama vile ni mara ya kwanza.

Babu akitaka kutoka nje hukohoa kwanza, ili Mama ajue apishe. Leo alikohoa wakati Mama anatoka jikoni na sufuria, anaimba wimbo wa kwaya. Ukuta ulikuwa kati yao. Mama hakukimbia. Alimaliza ubeti, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaurudishia kwa kiwiko.