Moto Nyuma ya Moshi

Jumatatu, 8 Septemba

"Nyota Mungu alishamaliza siku ya nne. Mutu anasomea nini kitu yenye ilishaisha?" Kaka yangu Lokwa huyo, asubuhi, huku akinywa chai yangu. Uongo! Mawingu ya gesi na vumbi yangali yanajikunja kwa uzito wake, yanapata joto, yanawaka. Vumbi linalosalia huzunguka nyota changa, hushikana, huwa sayari. Nilimwambia hivyo, na majirani wakasikia. Akaomba sukari.

Nina hasira. Binti yangu Dorcas amepata nafasi Kinshasa, asomee fizikia mpaka afike kwenye nyota. Boti inaondoka hapa Kisangani Jumapili. Lakini kwetu mtoto haendi mbali kabla mjomba wake, noko, hajamnyunyizia maji kichwani. Noko wake ni Lokwa, naye amekataa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemsomea vitabu. Nimeshinda kila hoja, hata nimeanza makala ya gazeti dhidi yake. Bado anakataa. Dorcas hali chakula.

Ijumaa, 12 Septemba

Lokwa alikuwa uani akikausha samaki aliokuja nao kutoka Isangi. Moshi mzito, hata samaki hawaonekani. Dorcas akachuchumaa kando yake.

"Noko, moshi ikiwa mingi hivi, unajuaka moto iko wapi?"

"Kwa mukono. Joto inapita."

"Bon. Wenye kusoma nyota banafanya vile vile. Vumbi inaficha nyota yenye iko nazaliwa. Banatafuta joto yake na darubini."

Lokwa akanyoosha kiganja juu ya moshi. Akacheka. "Donc iko nazaliwa ata leo, bila kuniomba ruhusa?"

Akageuza samaki mmoja. Kisha: "Na wewe ukienda, nani ataniitaka Noko?"

Mtoto wangu akaegemea bega lake.

Nami nimesimama mlangoni na kitabu mkononi, mjinga mkubwa. Wiki nzima nimepiga hoja. Lokwa hakuwa na hoja. Alikuwa na hofu. Hana mtoto wake mwenyewe, ana Dorcas tu.

Jumapili, 14 Septemba

Lokwa amekubali, amemnyunyizia maji. Mengi yakaingia shingoni mwa Dorcas. Amempa samaki wa kula njiani, wengi mno. Boti imekwenda.

Nyumba kimya. Lokwa bado yuko, anasema samaki hawajakauka. Wamekauka. Nimemtilia sukari bila kuombwa.

Makala yangu ya gazeti nimeifuta yote, matusi pamoja na ushahidi. Nimebakiza mstari huu: Wajomba wa Kisangani, mkiogopa kubaki peke yenu, semeni mnaogopa. Msimsingizie Mungu.