Sauti ya Mezani

Cimpunda, Bukavu
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Zagabe,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu Aimée na Malaika wetu mdogo, nikitumaini barua hii itawakuta wazima huko Kamituga. Kile kikohozi chako kimepoa? Maman huniuliza kila anapofunga kitambaa kwenda kanisani, kana kwamba kifua chako ninacho mimi. Sisi huku tuko wazima. Vumbi la kiangazi limeingia hadi ndani ya masufuria, na asubuhi ziwa halionekani. Unaona weupe tu pale chini, utadhani Bukavu imeishia kwenye kona ya barabara.

Najua utashangaa kuona karatasi. Utasema Déborah ameuza simu. Sijaiuza. Chantal, yule muuza vitenge, anakuja huko kesho, nikamwomba akubebee barua, maana nina jambo ambalo sikutaka kukuambia kwa simu.

Maandalizi ya misa ya kumaliza matanga ya Papa yanaendelea vizuri. Padri ametupa tarehe, na kanzu ya Maman nimekwisha kuishona. Uliniomba nikutumie zile sauti za Papa zilizo kwenye simu yangu, ili siku hiyo tuzipige kwa kipaza sauti watu wamsikie. Umeniomba mara nyingi, nami kila mara nimekujibu kwamba reseau ya simu ni mbaya. Nitarudi hapo, nivumilie.

Unakumbuka Papa alivyokuwa na simu. Kwake ilikuwa kiziwi aliyesimama ng'ambo ya mto. Ujumbe wake wote ulianza namna moja, kwa kupaza sauti: ni mimi, baba yako, Adalbert, unanisikia? Utadhani nilikuwa na akina baba wengine. Kisha aliagiza sabuni au dawa ya mgongo, akamaliza.

Baada ya mazishi nilizishikilia sauti hizo kama chakula. Asubuhi nikikaa kwenye cherehani navaa visikizio, mguu unakanyaga, Papa ananipigia kelele masikioni kuhusu sabuni, nami nashona huku nalia. Zilinifariji, sikudanganyi. Nilijiambia kwamba sina haja ya kujisumbua kumkumbuka, kwa kuwa Papa yuko mfukoni.

Unajua pia kwamba mimi ni mtu wa kusinzia mchana, kichwa juu ya vitambaa. Zamani Papa alikuwa akinijia pale ndotoni: mara anamenya viazi, mara anatengeneza mguu wa meza na kumsema jirani. Lakini miezi hii akawa anakuja na maneno ya simu tu. Anasimama mlangoni amevaa koti la Jumapili, anapaza sauti, ni mimi, baba yako, Adalbert, unanisikia? Namjibu kwamba namsikia, yeye hanisikii. Anaagiza sabuni, kisha anaanza tena mwanzo. Ule weupe wa ziwa unaingia ndani ya nyumba, unatufika magotini, na bado anauliza kama namsikia.

Ndipo nikajaribu kuikumbuka ile sauti yake nyingine, ile ya mezani. Alivyokuwa akizungumza chini chini wakati wa kula, hadi tunaacha kutafuna ili tumsikie! Wewe ulikuwa ukimwiga, kidevu ndani ya shati, na yeye mwenyewe anacheka. Nimeitafuta sauti hiyo, kaka. Najua ilikuwa ya chini, lakini kujua si kusikia. Masikioni mwangu zilibaki kelele tu, na niliogopa sana.

Nikamfuata Maman jikoni, akiwa anasafisha samaki wa sambaza, nikampigia ujumbe mmoja. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema taratibu:

“Déborah, ule haiko papa yako. Ile iko simu tu.”

Nikamuuliza kama yeye bado anaisikia ile ya mezani. Akasema humjia kila siku wakati wa kula, na kwamba jana yake ilimlalamikia chumvi. Maman hana simu, wala hajawahi kuitaka. Nilimwonea wivu mama yangu mzazi.

Sasa nirudi kwenye ombi lako. Reseau haikuwa mbaya, nilikudanganya. Wewe miaka yote ya uhai wake ulikuwa na kile kisimu cha vitufe kisichopokea ujumbe wa sauti, na Papa alipokuwa na neno lako alinipa mimi nikupigie. Kelele zake hazikuwahi kuingia masikioni mwako. Humo imo ile ya mezani tu. Niliona nikikutumia zile za simu, zitaifukuza kama zilivyoifukuza kwangu, na siku Maman akituacha haitabaki kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo Jumatano nilizifuta. Zote. Hakuna aliyenituma, na sikukuuliza, ingawa ni baba yako pia. Nilipomaliza nililia kama siku ya mazishi. Nikasirikie, ni haki yako, na hakuna namna ya kuzirudisha.

Baada ya hapo Papa hakuja kabisa, hata kwa kelele. Nikadhani nimempoteza mara ya pili. Jana mchana nikasinzia. Tulikuwa mezani, bugali inatoa moshi, na wewe upo, bado mvulana. Papa akainamisha kidevu, akaanza kusema kitu. Sikushika hata neno moja, Zagabe. Lakini nilikuwa nimeacha kutafuna.

Nakuomba utangulie kufika kabla ya siku ya misa. Kaa kwenye kiti chake, ingiza kidevu ndani ya shati, useme chochote, hata kama ni cha chumvi. Maman atakuambia ulipokosea. Mimi nitanyamaza nisikilize.

Maman anakubusu, anasema uvae sweta. Mshikie wifi yangu mikono yote miwili kwa niaba yangu, na Malaika umwambie shangazi amemshonea gauni. Usinijibu kwa simu, njoo.

Ni mimi, dada yako, Déborah. Unanisikia?