Sauti ya Nekesa Imefika Jeddah Bila Yeye

Jumatatu, 3 Februari. Riyadh
Nekesa anaumwa koo, hatasafiri na onyesho kwenda Jeddah. Kasema msemaji wa kundi lao la opera asubuhi hii. Nimeandika, nimetuma redioni Nairobi. Chai baadaye.

Opera ya Kiitaliano, karne ya kumi na nane. Nekesa wa Bungoma ndiye anayeigiza mwanamfalme; zamani nafasi hiyo iliimbwa na wanaume waliohasiwa utotoni, siku hizi huimbwa na wanawake. Juzi aliimba bila kukohoa.

Nimempigia. "Koo gani, dada? Nimetoka kula kuku wa pilipili mtaani Batha." Akacheka, kisha akanieleza mengine. Pasipoti anayo kafili, mdhamini wake wa kazi huku. Wanamrudisha nyumbani: tiketi ya Nairobi ni ya Ijumaa.

Sidhani ameniambia yote.

Jumanne, 4 Februari. Jeddah
Mwanamfalme mpya: mrembo, jina kubwa. Katika masimulizi, yale yanayoimbwa kama mazungumzo, kinanda cha kale peke yake kikimfuata, sauti yake ni kavu. Wimbo ukianza, inakuwa sauti nyingine. Kiongozi wa muziki naye huvaa kidude cha kusikilizia sikioni, kwenye nyimbo tu.

Simwamini mwanamfalme huyu.

Jumatano, 5 Februari
Nimerudi ukumbini. Wimbo wa opera hizi huenda, hugeuka, kisha hurudia mwanzo. Kwenye marudio mwimbaji hupamba apendavyo, na kila onyesho hupamba upya. Kupamba vilevile ni aibu kwao.

Jana na leo: mteremko uleule wa sauti, pumzi palepale. Nikasikiliza kanda niliyorekodi mazoezini Riyadh kwa ruhusa. Ni ileile. Ni Nekesa.

Nikamuuliza kiongozi mbona hakuna kilichobadilika. "Nidhamu," akasema. "Yalla, haya, tunafunga."

Hakuniangalia.

Alhamisi, 6 Februari
Bado namshuku Nekesa. Huenda alikubali sauti yake itumike, sasa anajuta. Nimempigia tena, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Walinirekodi mazoezini. Wakasema ni ya kumbukumbu tu."

Nani alisema? Nani alikuwepo? Alikasirika.

"Dada, wewe ni askari ama ni mwandishi?"

Nikauliza tena. Majibu hayakubadilika. Nikamwonya: nikitaja jina lake, huenda pasipoti ikakwama na asipate kazi nyingine ya jukwaani huku.

"Taja. Wameshachukua sauti, wasichukue na jina."

Msemaji amekana. Nikamwambia jambo ni rahisi: mwanamfalme wake aimbe wimbo mmoja na kile kinanda tu, mbele yetu. Akakata simu. Taarifa imesomwa redioni jioni, jina la Nekesa likiwemo. Sina raha. Ni sahihi, lakini sina raha.

Ijumaa, 7 Februari
Hakuna habari hadi baada ya swala. Kisha ujumbe wa Nekesa: dereva wa kafili amemletea pasipoti. Ndege ya Nairobi ameiacha iondoke bila yeye. Yuko kwenye basi la Jeddah.

Jioni msemaji kaandika mstari mmoja. Wamekubali lile jaribio. Wimbo mmoja, kinanda tu, waimbaji wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Jumapili, saa nne asubuhi.