Frida Ndahani, Jumamosi Zako Bado Zinajaa Watu

Frida, unajua kwamba watoto wako wa chuo bado wanakuja Jumamosi?

Leo tarehe 9 Julai umetimia mwaka mmoja tangu tulipokurudisha Kibakwe tukakulaza jirani na baba yako. Tulidhani baada ya arobaini wangeacha kuja. Hawajaacha. Jumamosi iliyopita mama yako alihesabu viatu mlangoni, vilikuwa jozi kumi na moja, na jozi mbili hakuna aliyejua ni za nani mpaka wenyewe walipotoka nyuma ya nyumba wakifagia.

Kwa anayesoma hapa na hakukujua, tuseme: ulikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Dodoma, miaka kumi na tisa. Walikujia waliokuwa wamepangiwa kozi wasiyoipenda, na walikujia wasiojua wanapenda nini. Hao wa pili ndio uliowapenda zaidi. Ofisini uliwasikiliza, ukawapa maji ya kunywa, halafu ukawaambia waje nyumbani Area D Jumamosi, tena waje na nguo za kazi.

Wakija walikuta kazi kweli. Karanga za Kongwa gunia zima za kuchambua, mlenda wa kuanika, banda la kuku la kusafisha, watoto wa jirani na madaftari yao ya hesabu. Kila mmoja alipewa lake, na habari za kozi hazikutajwa. Wewe ulikaa kwenye kigoda ukimenya viazi, ukitazama ni nani ataacha kazi aliyopewa na kuifuata ile ambayo hakutumwa. Jioni wakishaondoka ulimgeukia mama yako: "Mama, umeona nini?"

Naye, aliyeishia darasa la saba, alikueleza yote kama shahidi mbele ya hakimu. Yule mwenye shati la mistari amezipanga karanga kwa ukubwa, na hakuna aliyemwambia. Yule mrefu hajachambua hata kisahani kimoja, lakini kila aliyenuna amemchekesha. Ukaandika kwenye daftari lako. Mara moja alikosea. Alisema kijana mmoja, Iddy, awe mpishi, kwa vile alishinda jikoni kutwa nzima. Ulicheka mpaka ukaweka kisu chini. Ukamwambia, "Mama, huyo hajagusa hata mwiko. Alikuwa anatafuta kwa nini jiko letu linatoa moshi." Iddy leo ni mhandisi wa mitambo. Mama yako bado anashikilia kwamba hata upishi angeuweza.

Na Khairat je? Alikuwa mwaka wa kwanza wa uhasibu kwa sababu baba yake, Mzee Shaibu muuza vitambaa wa mjini, alitaka mtu wa kumshikia duka. Jumamosi tatu alikaa na karanga mbele yake, na Jumamosi zote tatu karanga hazikupungua. Alikuwa na Waridi, mtoto wa jirani asiyesikia, wanaongea kwa vidole, wanacheka wenyewe. Jumamosi ya nne akaja Mzee Shaibu mwenyewe, kanzu imenyooka, uso umekunjamana. Akasimama mlangoni akasema, "Mwanangu nimemleta chuoni asome mahesabu, wewe Madam unamchambulisha karanga?"

Ulinyanyuka ukafuta mikono. "Shikamoo, baba. Karibu uketi. Nyingine hizi hapa, zinakungoja."

Sisi tulijua ataondoka. Akaketi. Akachambua, kwanza kwa hasira, mbovu na nzima akizitupa upande mmoja, halafu polepole. Wewe ukarudi kwenye viazi vyako. Binti yake alikuwa uani na Waridi, hakujua kama baba yake yupo, na yule mzee aliwatazama mpaka alipoondoka kwenda kuswali alasiri. Aliporudi kuchukua baraghashia aliyoisahau alikuuliza kitu kimoja tu: hiyo kozi ya watoto kama huyu inaitwaje. Leo Khairat ni mwalimu wa watoto viziwi, na mwaka huu amemfundisha Waridi kuandika jina lako.

Ulikuwa na tabia zako, na hizo nazo tunazikosa. Ulikunywa chai baridi kwa sababu uliisahau kila siku. Ulivaa saa mkono wa kulia. Ukipigiwa simu na mwanafunzi ulisimama, kana kwamba ameingia chumbani. Hukupenda kusikia mtu akiuliza kijana, "Utakuwa nani?" Ulisema mtu tayari ni mtu, ulizeni atafanya nini.

Siku ya kukuzika kijana mmoja alisimama kaburini bila kuitwa. Akataja jina lake, kozi aliyokuwa nayo na kozi aliyohamia kwa sababu yako. Akasimama mwingine akafanya vivyo hivyo. Kisha mwingine. Mchungaji aliona wanavyojipanga, akafunga kitabu chake, akasogea pembeni akawaacha. Jua lilizama watu bado wanataja. Wazee wa Kibakwe mpaka leo wakikutana na mama yako njiani wanamwamkia kama mama wa mtu mkubwa, naye haoni haya kuitikia.

Lakini Frida, kuna jambo lilitupita, wewe na sisi sote.

Cornel, mwanao, Jumamosi zote alikuwepo. Alibeba viti, alichota maji, alikimbilia mkaa dukani, alimpokea kila mgeni mkoba. Kwa kuwa ni wa nyumbani, kila alilolifanya tulilichukulia kwamba ametumwa. Tuliwatazama watoto wa watu mpaka kwenye kucha, na jioni hata moja hukumwuliza mama yako ameona nini kwa Cornel, wala yeye hakukwambia.

Matokeo yake ya kidato cha sita yalitoka siku ya sita baada ya kukuzika. Daraja la kwanza. Henry mumeo akasema udaktari. Kaka yako Joshua akasema uhandisi. Cornel akasema, "Mtakavyoona nyie." Dirisha la kuomba vyuo likafunguliwa, likafungwa, hakujaza kitu. Tukasema ni msiba, aachwe. Amekaa mwaka mzima. Sasa dirisha linafunguliwa tena wiki ijayo, na Henry amesema safari hii atajaza mwenyewe, udaktari juu mpaka chini. Hasemi kwa ubaya, Frida. Anaogopa mwaka mwingine upotee, na wewe uliyekuwa unajua la kufanya haupo. Cornel ameitikia, "Sawa, baba," kama mtu anayekunja mkono wa shati achomwe sindano.

Mama yako alijaribu njia yako. Jumamosi iliyopita alimkalisha Cornel pamoja na wageni, akampa kazi kama wageni, akakaa kwenye kigoda chako kumtazama. Cornel akaimaliza kazi yake yote, kisha akanyanyuka kuwaletea wenzake maji. Mama yako hakuona kitu. Siku hiyo hakula. Alisema jicho lake limezoea kumpita mjukuu wake, na kulizoeza upya kunataka muda ambao hatuna.

Maneno haya unayoyasoma ni yetu sote, mama yako ndiye anayeyasema kwa niaba yetu, ila anayeandika kwenye simu ni Cornel, kwa sababu macho ya bibi yake hayaoni tena herufi ndogo. Ameandika kila alichoambiwa. Hata hayo yanayomhusu yeye hakuyaruka. Henry ameketi nasi, anasikia yakisomwa.

Unakumbukwa na mumeo Henry. Mama yako Miriam. Kaka yako Joshua na mkewe Ritha. Majirani zako wa Area D. Khairat, Iddy na wote wa Jumamosi, wa zamani na wanaokuja sasa ambao hawakukuona hata mara moja. Hutatutoka moyoni, Frida, siku zote tulizobakiza. Unakumbukwa na mwanao

Hapo Cornel aliacha kuandika; haya ya kuacha kwake tulimwambia ayaongeze baadaye. Henry alitaka kusema neno, mama yako akamwekea mkono gotini. Kisha Cornel akauliza kama jina lake anaweza kuliandika mwishoni kabisa, na juu yake aandike neno lake mwenyewe. Bibi yake akamjibu, "Simu unayo wewe, mwanangu."

Haya yanayofuata hatukumwambia aandike. Alituomba ruhusa, akatusomea kwa sauti huku akimtazama baba yake.

Mama, mimi udaktari sitaki. Likizo zote nilizokuwa naaga kwenda Kibakwe kumsaidia mjomba Joshua shamba, nilikuwa kwenye mizinga yake ya nyuki, naye akidhani namsaidia tu. Niliona aibu, watu wangesema mtoto wa Madam Frida ameishia kwenye nyuki. Nilikuwa nangoja matokeo yatoke ndipo nikwambie. Nilitaka kusomea ufugaji wa nyuki, mama. Bado nataka.

Cornel