Leseni ya Kuvuka Bahari

Shikamoo Baba, tumsifu Yesu Kristo. Najua anakusomea Deusi tangu macho yako yaanze kusumbua. Basi kaka, soma taratibu, usirukeruke mistari. Mama anaendeleaje na mguu wake? Karanga za mwaka huu zimekubali, au mvua imewafanyia hila tena? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Marekani, jamani, hata mate yanaogopa kutoka.

Baba, kuna jambo linaninyima raha, nataka ushauri wako. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna Mzee Walter, ana redio ya kuongea, siyo ya kusikiliza nyimbo. Unabonyeza, unasema, na mtu mwenye redio kama hiyo anakujibu kutoka kwake. Wanafanya kwa kuipenda tu, hakuna mshahara, lakini lazima ufaulu mtihani upewe leseni. Alinifundisha nikapata ile ya chini, inanifikisha mji huu na vijiji vya jirani, basi. Ya juu ndiyo inakuruhusu kuvuka bahari. Mzee Walter anayo, na akikaa pembeni yangu naweza kuongea kwa leseni yake.

Sasa sikia vituko. Asubuhi moja theluji inaanguka, nje kimya, nimetega sikio redioni, Mzee Walter yuko pembeni. Huko masafa ya mbali sauti zinakuja na kupotea. Mtu anajitaja yuko kisiwa fulani, mwingine anakohoa, halafu unabaki mvumo tu, unasinzia macho yakiwa wazi. Mara nikasikia Kiswahili. Kiswahili, Baba! Mtu yuko Dodoma. Nikajitambulisha, akanijibu, na hapo akili ikaruka. Badala ya kumwambia namsikia vipi na hali ya hewa ikoje, kama wenzangu wanavyofanya, nikaanza: "Mimi Restituta, nikiwa ughaibuni, namsalimu baba yangu Mzee Karanga Mbichi wa Nsemulwa, Mama Deusi, Deusi mwenyewe popote alipo, shangazi wa Kapalamsenga na samaki wake migebuka, na wote wa Majengo wanaonifahamu. Ujumbe wangu, wema hauozi!" Yaani kama zile kadi za salamu ulizokuwa unatuma redioni kwa jina lako hilo la Karanga Mbichi, unaandika huku Mama anakwambia jembe limeota kutu. Watu wa nchi nyingine wanasubiri zamu yao, mimi nasalimia ukoo! Mzee Walter alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini yule wa Dodoma hakunikatiza. Aliyarudia majina yote, moja moja, kwa sauti ya mtangazaji kabisa. "Mzee Karanga Mbichi wa Nsemulwa, pokea salamu zako popote ulipo." Baba, nililia. Tangu siku hiyo niko hapa na siko hapa. Naosha vyombo vya wazee, maji ya moto yanafuka, nikijiangalia niko uani kwetu, na sauti ile inapita juu ya paa, inashuka kwenye majani ya mihogo, na nyie mmekaa tu mnaisikia. Vyombo vinapoa mikononi. Aliniuliza pia nitasikika tena lini, nikamwambia sijui.

Maana mwezi ujao Mzee Walter anahamia kwa binti yake, mji mwingine. Redio ananiachia, lakini bila leseni ya juu huko mbali nitakuwa wa kusikiliza tu. Mtihani wake hapa mjini ni mara moja kwa mwaka, na safari hii umeangukia katikati ya likizo yangu, ileile niliyoiomba nije nyumbani. Miaka sita sijawaona. Bosi kasema tarehe hazisogei. Mzee Walter anasema, "Fanya mtihani, kwenu hakuhami." Mama kwenye simu akasema, "Njoo, mwanangu, mtihani hauzeeki." Kila mmoja namwona ana haki.

Wewe tu ndiye hujasema. Kila nikipiga unajibu, "Salama, ongea na mama yako," na simu imeshaondoka. Nilidhani ni uzee. Juzi nimefungua kitabu cha mtihani, nimeukodolea macho ukurasa mmoja mpaka chai ikapoa, nikakubali ukweli. Leseni hii naitaka ili unisikie wewe. Niliona kwamba binti yako akisema na dunia nzima, labda na wewe utamwambia neno. Siku naondoka Mpanda ulikwenda shambani, hukuja stendi. Iliniuma, Baba, na inaniuma bado.

Basi ushauri niliouomba usihangaike nao, nimeshaamua humuhumu nikiandika. Mtihani siendi. Nakuja. Mzee Walter kanipa ruhusa ya kulia mara moja tu, halafu nikafunge mizigo.

Mama msalimie sana. Wifi yangu mwambie aniandalie yule mtoto ambaye sijambeba bado, na shangazi asiuze migebuka yote.

Baba, nikifika sitaki sherehe. Nitakaa chini, karibu na kiti chako, nikuulize kitu kimoja: ulinikasirikia nilipoondoka? Kama ni ndiyo, sema ndiyo. Nitakuwa kimya, uongee wewe.

Ni mimi binti yako,
Restituta