Wakubwa Zake Kabugho

Sista Biira,

Ni mimi, Afande wako. Sijui salamu za huko uliko zinaanzaje, kwa hiyo naanza kama tulivyokuwa tukianza asubuhi pale hospitali ya Bwera: umeamkaje, umekunywa chai, na dawa yako ya sukari umeimeza au umeisahau tena kwenye mkoba? Hilo la mwisho halina maana sasa, lakini ulimi umeshalizoea.

Nimechelewa kukuandikia. Miezi mitano imepita tangu tukuzike, na kila nilipochukua kalamu niliona aibu, maana uliniachia kazi moja tu na nilikuwa sijaimaliza. Siku ile uliponishika mkono kitandani nilidhani utaniusia tena habari ya ndoa, kama kawaida yako. Ukasema, "Mutafute Mbambu. Asipotee kwa kitabu." Kisha ukafumba macho, na mimi nikakaa pale nikihesabu pumzi zako jinsi ulivyonifundisha kuhesabu za watoto, mkono kifuani na macho kwenye saa.

Habari ndogo ndogo kwanza. Nesi aliyekuja mahali pako ni mtu mzuri ila ana haraka. Siku ya kwanza alikalia kiti chako, nikamnunia mpaka saa ya chakula, naye maskini hakujua kosa lake. Fomu za karatasi zimekwisha, sasa tunajaza kwenye tableti. Ungeichukia. Haina pa kuandika pembeni, na wewe mambo ya maana uliyaandika pembeni siku zote.

Unakumbuka nilivyofika? Mtoto wa kambi ya polisi ya Kasese, Kiingereza cha shule kipo, Kiswahili cha kambini kipo, Lhukonzo, lugha ya wenyeji, sina zaidi ya salamu. Nilipokwambia baba yangu ni Mlango, yaani mtu wa kabila la Lango, uliniuliza kama basi mama ni dirisha. Tangu siku hiyo, kwa ajili ya ile kambi ya polisi, ukaniita Afande, na wagonjwa nao wakafuata, mpaka wengine walikuwa wakisimama kwa heshima nikipita.

Nilikuja kama msaidizi wa utafiti, nikijiona msomi. Nilikuwa nimeisoma karatasi ya utafiti mara tatu, kwamba tunatafuta njia bora ya kuwatibu watoto ambao moyo umeshindwa. Ulinikataza kulitamka neno hilo mbele ya mzazi. Ulisema ukimwambia mama kwamba moyo wa mwanawe umeshindwa, atakwenda nyumbani kuchimba kaburi. Sema umechoka, ukaniambia, mtu akichoka anasaidiwa. Fomu pia ilitaka tuulize mtoto analalia mito mingapi, kwa sababu moyo ukichoka mtoto hawezi kulala chali, anakosa pumzi. Nikauliza hivyo hivyo, mito mingapi, na mama wa kwanza akanitazama tu. Mito aitoe wapi? Ukanisogeza pembeni ukauliza swali lako: analala ameegemea nini? Majibu yakaja. Gunia la mahindi. Gauni la gomesi lililokunjwa. Goti la bibi. Nilidhani ni ujanja wa kazi ulioupata kwa miaka mingi wodini.

Wiki ya pili nikakulalamikia kwamba watu wenu hawana majina. Kitabu chetu cha wagonjwa kilijaa akina Baluku na Bwambale na Masika, na daktari aliyekuja kutoka Kampala kila mwezi na mashine ya kutazama moyo alikuwa akichanganya mafaili. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ukanihesabia kwa vidole: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Wavulana nao wana yao. Na mtoto akifa, nafasi yake haipewi mwingine. Ukauliza langu linasema nini. Nikakwambia Akello ni anayezaliwa baada ya mapacha. Ukataka kujua mapacha wenyewe wako wapi, nikasema mmoja yuko jeshini, mwingine anauza nguo Lira, ukaniamuru niwapigie simu siku hiyo hiyo. Wewe ulisema tu, huku ukifuta miwani, kwamba kwenu wewe ndiye mkubwa, wadogo zako wote umewalea mgongoni. Nikaitikia, nikaendelea na mafaili.

Halafu akaja yule mama. Alitoka upande wa Mpondwe, amemshika msichana wa miaka saba aliyevimba miguu na uso, na mdogo wake, Mbambu, yuko mgongoni. Alijitambulisha kuwa Mama Kabugho. Nikamuuliza amezaa watoto wangapi. "Niko na hawa babili tu," akasema. Nikaandika wawili. Nikauliza kama kuna mwingine nyumbani aliyewahi kuugua hivi, akatikisa kichwa, nikaandika hapana. Nilikuletea fomu nikiwa nimejisifu kwa mwandiko.

Uliisoma yote. Kisha ukaweka kidole juu ya jina la mtoto. "Afande, hii jina iko na wakubwa yake. Wako wapi?"

Ulikwenda ukakaa naye kwenye benchi la nje, si chumbani, na hukubeba kalamu. Niliwaona dirishani. Mlikaa muda mrefu, na uliporudi ulinieleza kwa sauti ya kawaida. Masika alivimba akafa akiwa na miaka sita. Biira alivimba akafa akiwa na miaka mitano. Watu wa mumewe walisema tumbo lake limelogwa, mume akahamia kwa mwingine, na yeye akaacha kuitwa Mama Masika, akaanza kujihesabia kutoka kwa Kabugho. Ulifuta "wawili" yangu ukaandika wanne.

Nililia chooni siku hiyo, hukujua. Au ulijua. Kwa ile fomu yangu Mbambu asingetazamwa kabisa, maana alikuwa mzima, anakimbia, amenenepa mashavu. Daktari alipoona wanne, na watatu wao walivyofuatana kuvimba, akasema na huyu mdogo alazwe kwenye mashine. Moyo wake ulikuwa umeanza kutanuka. Kidogo tu. Akasema mtoto wa namna hii anaweza kusaidiwa kabla hajavimba, ila lazima aje atazamwe na ameze dawa bila kukosa. Yaani tulipewa nafasi ambayo dada zake hawakuipata.

Kabugho tukamwingiza kwenye utafiti. Nakumbuka ulivyomweleza mama yake bila kupamba: kwamba watoto wote watapata dawa ya kawaida ya kupunguza maji mwilini, kwamba juu ya hiyo nusu yao wataongezewa kidonge kipya, na nusu kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa ndani, kwamba kompyuta ya Kampala ndiyo inayochagua, na hata sisi hatujui nani amepata kipi. Ulimwambia kama tungekuwa na uhakika kwamba kidonge kipya kinasaidia tusingekuwa tunauliza. Alikubali. Wazazi walishakipa kile kitupu jina lao, "ya bure", na kila mmoja aliomba Mungu mwanawe asikipate.

Alikuwa mtoto wa raha, Kabugho. Yale mafuta mazito aliyopakwa kifuani kwa ajili ya mashine aliyaita uji baridi, na kila mara alikuuliza kama umeyatia sukari. Miezi mitatu alipungua uvimbe, tukapumua. Mwezi wa nne alifia nyumbani, asubuhi, siku mbili kabla ya siku yake ya kurudi.

Mama yake alikuja na kikopo cha vidonge vilivyobaki, akakiweka juu ya meza yako. "Mulimupatia ile ya bure," akasema, akampandisha Mbambu mgongoni, akatoka. Simu yake haikupatikana tena. Kadi ya Mbambu uliiweka chini ya kioo cha meza, na kila mwezi tarehe yake ikipita uliitazama. Kisha na wewe ukaanza kuumwa.

Tulikuzika Rukoki, kwenye migomba ya baba yako. Watu walikuwa wengi, ungeona aibu. Nilipokuwa nasubiri zamu yangu ya kutupa udongo niliona pembeni ya shimo lako kaburi dogo la mawe ya mtoni, la zamani, limepaliwa vizuri. Nikamuuliza shangazi yako ni la nani. Alinishangaa. Atakuwa nani, akasema, kama si Masika?

Akanisimulia hapo hapo, tumesimama. Dada yako alivimba miguu, kisha tumbo, akawa hawezi kulala chali. Mto haukuwepo. Alilala ameegemea mgongo wa mdogo wake, msimu mzima wa mvua, na huyo mdogo alijifunza kulala bila kugeuka. "Biira ndiyo ilikuwa mto yake," shangazi alisema.

Sista, miaka mitatu niliandika jina lako juu ya kila fomu. Nesi: Biira. Niliyasoma majina ya wote kama ulivyonifundisha, lako sikulisoma hata siku moja. Ulinihesabia kwa vidole, kidole cha pili kikiwa chako, kisha ukaniambia wewe ndiye mkubwa, nami nikaitikia. Iliniuma na bado inaniuma. Nisamehe.

Basi nikaanza kumtafuta Mbambu. Mpondwe waliniambia mama yake amevuka mpaka kwenda Kasindi, Kongo, kwa kaka yake. Nikavuka. Kaka akasema amesharudi Uganda, analima mahindi Mubuku kwenye kipande cha kukodi. Nilikwenda Mubuku Jumamosi tatu. Ya tatu nikamwona anapalilia, na Mbambu yuko ukingoni mwa mfereji anaosha miguu. Niliitazama ile miguu kwanza. Haikuwa imevimba.

Sikumwita Mama Kabugho. Nilisema, "Mama Masika." Jembe likasimama.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba utafiti umefungwa na daktari ameruhusu wazazi waambiwe. Kabugho alipewa kidonge chenye dawa. Hakikuwa cha bure, na hakikutosha. Aliketi kwenye ukingo wa mfereji. Akauliza, kwa hiyo hata ile ya kweli ilishindwa? Nikasema ndiyo, kwa Kabugho ilishindwa, alitufikia amechoka sana. Nilitamani uwepo, maana wewe ungejua la kuongeza, au ungejua kunyamaza vizuri kuliko mimi.

La pili, nikamwambia umefariki. Nikamwambia na wewe ulikuwa na Masika, aliyevimba, na nikamsimulia habari ya mgongo. Alichota maji ya mfereji akanawa uso. "Sista hakuniambia," akasema. Nikamwambia hata mimi hukuniambia. Alimtazama Mbambu kwa muda, kisha akauliza daktari anakuja siku gani.

Walikuja, Sista. Wiki iliyopita, kabla hatujafungua mlango, walikuwa wameshaketi kwenye benchi lako. Moyo wa Mbambu bado umetanuka, lakini haujaongezeka sana ukilinganishwa na ile picha ya kwanza. Amepewa dawa, zenye dawa zote, na atatazamwa kila mwezi. Daktari hakuahidi kitu na mimi sikuahidi. Tableti ilipouliza watoto aliowazaa, mama yake hakusubiri nimalize kusoma. Alinihesabia kwa vidole: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Mashine inapokea namba tu, nikaiandikia nne. Majina nimeyaandika kwenye daftari langu, pembeni, kama ungekuwa wewe.

Kadi yake nimeitoa chini ya kioo, sasa iko kwenye mkoba wa mama yake. Ninakuahidi hivi: tarehe yake ikipita siku moja tu, nitavaa viatu nimtafute. Na hakuna jina nitakaloliandika tena bila kuuliza wakubwa zake. Nikipita Rukoki nitapalilia makaburi yote mawili, la Masika wako kwanza, maana ndiye mkubwa.

Swali lako nililiacha mwisho. Nilimuuliza mama kama ulivyokuwa ukiuliza wewe, Mbambu analala ameegemea nini. Alifikiri, akaniangalia kama aliyesahau kwamba hilo nalo huulizwa.

"Haegemei kitu," akasema. "Analala tu, sawa na wengine."

Lala nawe hivyo, Sista. Sasa unaweza kugeuka.

Afande wako,
Akello